Wadau mlioko Japani: kwa nini hawa watu wanakula wali mkavu bila chumvi wala mafuta?

#1 Kiazi Kikuu
Salaam wadau. Niko Tsukuba kimasomo, nakaa bweni lenye jiko la pamoja. Samaki mbichi nishazoea, supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, nakunywa mpaka naongeza, hata yai bichi juu ya wali wa moto nimekula na bado nipo. Kinachonishinda ni wali wenyewe. Mweupe pee, hauna chumvi, hauna mafuta, nazi ndo usiseme, hata hiliki ya kusingizia hakuna. Na wanausifia! Utasikia "mtamu huu, umetoka Niigata". Mtamu nini sasa?

Juzi kuna Mjapani jikoni kaniona namimina mafuta na chumvi kwenye sufuria ya wali, akasita kidogo, halafu akaniuliza kwa upole kabisa kama mchele niliouziwa ulikuwa mbovu.

Hoja yangu ni kwamba hawa watu hawajui kupika wali. Mwenye sababu nyingine aje nayo.

#2 Jirani wa Kwetu
Kwa hiyo watu milioni 120 na ushee wamekosea, we na sufuria yako ya bweni ndo mko sahihi. Sawa mkuu.

#3 Dalali wa Yokohama
Dogo karibu Japani. Mi niko huku kwenye biashara ya magari toka enzi hizo, jibu ni jepesi tu, chumvi iko kwenye mboga. Hebu angalia sinia lao vizuri. Miso ina chumvi, samaki wa kuchoma kasuguliwa chumvi, achari zao zina chumvi, na ile plamu nyekundu ya umeboshi ukiitia mdomoni nzima macho yanafumba yenyewe. Sasa na wali nao ukiutia chumvi si presha hiyo? Wali wao kazi yake kupoza mdomo. Na usije ukadhani Wajapani hawapendi chumvi, wastani wao ni kama gramu 10 kwa siku na WHO wanasema isizidi 5. Mkoa wa Nagano serikali iliwahi kuingia mpaka majikoni kuwahimiza kina mama wapunguze chumvi kwenye miso maana watu walikuwa wanapigwa kiharusi.

#4 BintiMoshi
Nakubaliana nusu na Dalali. Mi nimesoma kilimo, naona sababu kubwa ni aina ya mchele. Mchele wao ni ule mfupi mnene, kama Koshihikari, ambao umekuwepo sokoni toka 1956 na hadi leo ndo unaolimwa kuliko wote. Wanga wake una amilosi ndogo, yaani ile sehemu ya wanga inayofanya wali usinate, asilimia 16 hadi 18 hivi, wakati michele mirefu mingi inavuka 20. Amilosi ikiwa ndogo wali unanata na unang'aa na ukitafuna unasikia kautamu. Sasa mafuta kwenye wali kazi yake nini? Kutenganisha punje. Wao wanataka zishikane ili vijiti vinyanyue donge. Ukimwaga mafuta umeharibu kila kitu, mtu atakula punje moja moja mpaka usiku.

Kiazi we umezoea supa ya Mbeya inayonukia yenyewe na kila punje inajitegemea. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

#5 Msee wa Mwea
Sasa BintiMoshi, hiyo ya vijiti nakukatalia. Nimekaa na Wathailandi hapa kiwandani Nagoya, mchele wao ni mrefu, haushikani, wanakula na kijiko na uma, na bado hawatii chumvi hata chembe. Wachina nao hawatii, Wakorea wanakula wali na kijiko cha chuma na pia ni mweupe tu. Kwa hivyo ukisema ni vijiti utaniambia nini kuhusu hao?

Mimi ni wa Mwea, Kenya, Wajapani wamekuja kwetu miaka na mikaka na mradi wa JICA, shirika lao la misaada, wa maji ya mashamba. Wanapikiwa wali wa pishori na chumvi na mafuta na hakuna sahani inarudi na kitu. Hapo ndio nashindwa.

#6 Kiazi Kikuu
Shukrani Msee wa Mwea, angalau mmoja ananielewa.

#7 Mpemba Kindakindaki
Asalaam aleikum. Mie niko Kobe. Nyie mnazunguka tu, tizameni nchi yenyewe. Japani haina chumvi ya mawe, ya kwao yote ilikuwa ya kuchemsha maji ya bahari, kuni na jasho jingi. Halafu serikali ikaihodhi toka 1905 hadi 1997, miaka tisini na kitu chumvi biashara ya serikali. Mafuta nayo zamani yalikuwa ya taa zaidi kuliko ya kupikia, hata hiyo tempura, ile ya kukaanga samaki na mboga ndani ya unga, mbinu yake ililetwa na Wareno karne ya 16. Nazi hawana. Basi wangetia nini ndani ya wali, yakhe? Maji tu.

#8 Dalali wa Yokohama
Mpemba hapo kwenye 1905 uko sawa ila sababu siyo uhaba. Walikuwa vitani na Urusi, serikali inatafuta hela, ndo wakaigeuza chumvi chanzo cha mapato. Na kama chumvi ingekuwa adimu hivyo, hayo mapipa ya miso na soya na achari yalijazwa nini? Chumvi walikuwa nayo, waliamua tu wapi waiweke. Nakurudisha #3.

#9 Mama Hana
Jamani mmesahau watoto. Binti yangu yuko shule ya msingi hapa Saitama, chakula cha mchana wanakula darasani, watoto wenyewe wanavaa kofia na maaproni meupe wanagawiana, mwalimu anakula nao. Wanafundishwa kula kwa kuzunguka. Tonge la wali, kidogo mboga, kidogo supu, unarudi kwenye wali. Hawaruhusiwi kumaliza nyama yote ndo waingie kwenye wali kama tulivyozoea sisi kuficha kipande cha mwisho. Kuchanganya kunafanyika mdomoni, kila mtu anajipimia mwenyewe chumvi kiasi gani kwa tonge gani. Sasa wali ukiwa na ladha yake tayari huo mchezo unakufa. Mi kwangu hiyo ndo sababu.

Na Kiazi, kusema hawajui kupika wali ni kuwaonea. Mama mkwe wangu anapima mchele kwa kikombe cha mililita 180, anauosha kwa maji baridi anaupindua kwa kiganja taratibu, anamwaga yale maji meupe, anarudia mpaka yanakuwa karibu maangavu. Anauloweka nusu saa, wakati wa baridi hata lisaa. Ukishaiva hafunui, anauacha ujifukize, halafu anaugeuza na mwiko bapa kama anakata, siyo kuusonga. Mi kwetu Tanga tulikuwa tunapepeta, tunachambua mawe, tunabandika. Nani hajui kupika hapo?

Shida yangu ni nyingine. Jumapili nilipika wali wa nazi, huyo binti yangu akanusa akasema unanukia mafuta ya kujipaka baharini. Niliishiwa nguvu.

#10 Jirani wa Kwetu
Mama Hana pole sana 😂😂 mtoto wa Tanga huyo?

#11 Prof wa Kijiweni
Nimesoma kuanzia #1 nikicheka. Kiazi naomba ujibu swali moja tu: ugali unatia chumvi?

#12 Jirani wa Kwetu
Moderata funga uzi.

#13 Msee wa Mwea
Weeee. Prof ameua. Hata kwetu ugali wenye chumvi ni wa mgonjwa.

#14 Prof wa Kijiweni
Ndo hivyo. Chakula cha kila siku, kile unachokula asubuhi mchana jioni maisha yako yote, hakitiwi kitu. Ukikitia kitu utakichoka. Wali kwetu bara ulikuwa wa Krismasi na Idi na wageni, ndo maana tukaupamba. Mjapani wali ndo ugali wake. Yaani nyie mnaulizana habari za amilosi mambo yako wazi.

#15 Kiazi Kikuu
Hapana Prof, usiondoke. Ugali unauchovya, unaukanda, unachota mchuzi wa samaki mpaka unalowa. Huku ukimwagia wali mweupe soya sosi wanakutazama vibaya, nimeambiwa kabisa kwamba watu hawafanyi hivyo. Kwa hiyo ugali wao hauna chumvi NA hauruhusiwi kulowa. Eleza hiyo.

Halafu pwani wanakula wali kila siku na wanatia nazi kila siku, mbona hawajachoka?

#16 Mpemba Kindakindaki
Kiazi kwa hilo la pili Mungu akuweke. Sie wali kila siku, nazi kila siku, na hatujachoka wala hatutochoka.

#17 Mama Hana
Kulowa wanalowesha sana tu. Nenda mgahawa wowote wa gyudon, bakuli la wali limefunikwa nyama ya ng'ombe na mchuzi unashuka mpaka chini. Kari ya wali wanaipenda kufa, watoto wote. Na hilo yai bichi ulilokula mwenyewe si walitia na soya sosi? Wanachokataa ni kumwaga soya tupu kwenye bakuli jeupe, ni adabu tu, siyo mapishi.

Na kuhusu yai maana najua mtu ataiga nyumbani: mayai ya huku yanaoshwa na kuuliwa vijidudu kiwandani, na tarehe iliyobandikwa ni ya mwisho ya kuliwa mabichi, ikipita bado unaweza kupika. Msije mkajaribu na yai la kienyeji la gengeni.

#18 BintiMoshi
Kari imetajwa nikakumbuka kitu. Prof anasema wali ulikuwa ndo chakula cha kila siku cha Mjapani. Siyo kweli, au tuseme siyo wa wote. Mkulima maskini alikuwa anachanganya na shayiri, mtama, ulezi, viazi. Wali mweupe mtupu ulikuwa wa mjini na wa wenye nazo. Na uliwaua! Edo, yaani Tokyo ya zamani, watu walikuwa wanaugua beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1 inayotoka na pumba, mpaka ukaitwa ugonjwa wa Edo. Mtu anatoka kijijini akiwa mzima, anafika mjini anakula wali uliokobolewa, miguu inavimba, akirudi kwao anapona. Miaka ya 1880 jeshi la majini mabaharia walikuwa wanakufa nao, daktari wao Takaki Kanehiro akagundua ni chakula, akabadilisha mlo, akaingiza shayiri na nyama. Kari ikapata umaarufu jeshini humo kutoka kwa Waingereza, na mpaka leo wanamaji wao Ijumaa ni kari.

Kwa hiyo mi nasema hivi: wali mtupu ulikuwa ufahari. Ukiupata mweupe hauna mchanganyiko, kwa nini uuchafue?

#19 Mzalendo 77
Nakazia #18. Kodi yenyewe ilikuwa inalipwa kwa mchele. Utajiri wa mtawala ulipimwa kwa koku, koku moja ni kama lita 180, kadirio la kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Kama mchele ndo hela, nani anatia chumvi kwenye hela? Na mpaka leo mfalme wao anapanda mpunga kwa mkono wake shambani ndani ya ikulu na anavuna, na Novemba 23 anatoa mazao mapya kwa miungu. Ni kitu kitakatifu wakuu, siyo amilosi.

#20 Msee wa Mwea
Sasa tuko na sababu ngapi? Chumvi kwenye mboga, kunata, kodi, dini, darasani, ugali. Na ya Wathailandi hakuna mtu amenijibu.

#21 Zamu ya Usiku
Wote mmeanza na kosa na hakuna aliyeligusa. NANI KASEMA hawatii chumvi? Mi nafanya kibarua duka la masaa 24, zile saa 28 kwa wiki tunazoruhusiwa wanafunzi, na onigiri, yale madonge ya wali, napanga mimi. Onigiri ina chumvi. Bibi mmoja jirani kanionyesha anavyofanya: analowesha viganja, anachukua chumvi kidogo kwa ncha za vidole anaisambaza mikononi, ndo anashika wali wa moto anaubana pembe tatu. Chumvi inakaa nje, ulimi unaikuta kwanza. Wali wa sushi una siki, sukari NA chumvi. Kuna wali wa kupikwa na soya na uyoga na karoti ndani ya sufuria moja, pilau kabisa hiyo isipokuwa viungo. Kuna wali mwekundu wa maharage wa sherehe wananyunyizia ufuta na chumvi. Kwa hiyo swali la #1 lenyewe limepinda, ule mtupu ni aina moja tu.

#22 Kiazi Kikuu
Zamu ya Usiku hiyo ya viganja safi sana, sikuijua. Lakini bado nyumbani na kantini wanakula mtupu, swali lipo palepale.

#23 Jirani wa Kwetu
Na ukoko je? Mashine zao za kupikia wali hazitoi ukoko, hapo ndo tunawazidi.

#24 Dalali wa Yokohama
Zinatoa. Wao wanauita okoge, kuna mashine zina kitufe chake kabisa cha kuufanya makusudi. Hawa ndo waliotoa mashine ya kwanza ya umeme ya kujizima yenyewe, Toshiba, 1955. Usishindane nao kwenye vitufe.

#25 Mpemba Kindakindaki
Zamu ya Usiku umetaja wali wa soya na uyoga na sushi, niwaonye Waislamu wenzangu. Ule mara nyingi hutiwa mirin au sake, zote pombe. Siki ya sushi ya tayari nayo soma nyuma. Nyanya yangu angejua naishi nasoma vibandiko vya vyakula kwa darubini ya simu angelia. Kobe tuna msikiti toka 1935, wa kwanza Japani nzima, na maduka ya halali yako jirani, kwa hivyo mtu wa huku hana kisingizio.

#26 Mzalendo 77
Si pombe inaungua jikoni?

#27 Mpemba Kindakindaki
Hiyo kamuulize sheikh wako, mie n'shasema.

#28 Zamu ya Usiku
Kweli mirin ipo sana. Ila ile onigiri ya umeboshi na ya mwani inaweza kuwa salama, soma tu kibandiko kwanza, usibebe kwa mazoea.

#29 Mzalendo 77
Mwani huo si ndo unatoka kwetu Zanzibar? Paje kule kina mama wanalima. Tunawauzia halafu wanatuuzia wenyewe kwa bei mbaya.

#30 BintiMoshi
Hapana. Mwani wa Zanzibar ni spinosamu na kotonii, ulianza kulimwa kibiashara mwishoni mwa miaka ya 80, unapelekwa nje kutengeneza karajinani, ile ya kufanya aiskrimu na dawa za meno ziwe nzito. Wa kufungia sushi ni nori, wa maji baridi. Na huo nori ulimaji wake wa kisasa umetokana na mwanamke Mwingereza, Kathleen Drew-Baker, aliyegundua mwaka 1949 mbegu zake zinaishi kwanza kwenye magamba ya chaza na kome. Hakuwahi kukanyaga Japani ila wamemjengea mnara Uto, Kumamoto, na kila mwaka wanamkumbuka.

#31 Mzalendo 77
Sawa dada, ila bei bado mbaya 😅

#32 Dalali wa Yokohama
Bei mbaya ilikuwa ya mchele. 2025 kilo 5 zilivuka yen 4,000, mara mbili ya mwaka wa nyuma, serikali ikafungua maghala ya akiba, watu foleni toka alfajiri. Waziri wa kilimo Taku Eto akaenda kusema yeye hajawahi kununua mchele, wafuasi wanamletea mwingi mpaka angeweza kuuza. Mei hiyo hiyo akaachia ngazi. Mchele umemng'oa waziri!

Na Msee wa Mwea jibu lako la Wathailandi labda liko hapa: 1993 kiangazi kilikuwa cha baridi mpunga ukafeli, wakaagiza mchele wa Thailand. Wakalalamika nchi nzima, unanuka, haunati. Mchele ule ule unaosifiwa dunia nzima. Sasa kama wote wawili hawatii chumvi na bado hawawezi kula wa mwenzake, chumvi siyo hoja, hoja ni mdomo ulizoea nini.

#33 Msee wa Mwea
Hiyo si jibu, hiyo ni kunizungusha. Lakini hadithi ya waziri imenifurahisha.

#34 Prof wa Kijiweni
Mdomo ulizoea nini = #14. Asante kwa kurudi nyumbani.

#35 Kiazi Kikuu
Wadau mi nimepata mengi, ila sijashawishika, naendelea na chumvi yangu. Mwenye kujua nazi ya kopo ya bei nafuu na bamia na mlenda vinapatikana wapi aseme, tusimalizie kwenye ubishi tu.

#36 Zamu ya Usiku
Nazi ya kopo na kuku wa halali wa Brazil angalia supamaketi za Gyomu Super. Bamia iko kila supamaketi, wanaikata wanakula na ute wake bila kuipika sana, hawaogopi vitu vya kuvutika hawa. Ukikosa kabisa panda treni nenda Shin-Okubo, Tokyo, maduka ya halali pale yana mpaka mihogo ya kugandishwa.

#37 Mama Hana
Mlenda upo! Majira ya joto ingia sehemu ya mboga utafute moroheiya, kifurushi cha majani mabichi, ni mlenda ule ule. Wao wanachemsha, wanakatakata, wanatia soya. Mi naweka karanga, mume wangu anamaliza sufuria.

#38 Kiazi Kikuu
Mama Hana unastahili maua yako. Nitapanda kwenye kopo dirishani kabisa.

#39 BintiMoshi
Ukipanda chuma majani tu. Ukianza kutoa maua na vile vijiganda vya mbegu achana nao, mbegu zina sumu ya moyo. Nagasaki mwaka 1996 ng'ombe walilishwa yenye mbegu wakafa. Ya dukani haina shida, ni majani machanga.

#40 Jirani wa Kwetu
Kiazi umeona? Uliogopa wali usio na chumvi.